"Hali Yako?": Miaka 40 ya Kuulizana Afya Kagera, na Jinsi ya Kujua Kama Swali Lilipima Kitu

Ukimsalimia Mswahili, jibu lake liko tayari kabla hujamaliza kuuliza. "Habari za leo?" "Nzuri." Hata kama mtoto wake amelazwa tangu juzi, ataanza na "nzuri", kisha ndipo aongeze: "ila mtoto anaumwa." Hapo hakuna anayedanganya. Ndivyo adabu ya lugha yetu ilivyo: kwanza tunapokeana, habari mbaya inafuata nyuma.

Sasa fikiria anayeuliza ni mdodosaji mwenye tableti mkononi. "Kwa ujumla, unaweza kusema afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya?" Anasikia "nzuri", anabonyeza, anahamia swali la pili. Ile "ila" haikupata nafasi. Jioni jibu hilo linageuka namba, namba inaingia kwenye wastani, na wastani unaingia kwenye ripoti itakayoamua dawa, fedha au wahudumu waende wapi.

Ndiyo maana leo tunataka kukupeleka Bukoba na Muleba. Ni sehemu chache Afrika Mashariki ambako watu wameulizwa habari za afya zao kwa muda mrefu na kwa uzito kama huko. Historia ya maswali hayo inatufundisha kitu ambacho vitabu vya takwimu hukieleza kwa lugha ngumu: dodoso halina ubora wa kudumu kama jiwe la mizani. Linaweza kuwa zuri mahali fulani, kwa watu fulani, kwa kazi fulani, na ukilihamisha inabidi ulikague upya.

Kwanza ilikuwa damu

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walionekana mwaka 1983 mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Wakati huo watu wengi hawakuwa na jina la kitabibu la ugonjwa huo. Kagera uliitwa "Juliana", jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiingia na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita "Slim", yaani kukonda.

Tazama majina hayo mawili. Moja linaeleza ugonjwa umekuja na nani, jingine linaeleza unamfanya nini mtu. Kabla mtafiti yeyote hajaandika swali la kwanza, wananchi walikuwa tayari na njia zao za kuueleza. Mtu akija kuuliza kwa maneno mengine kabisa, atapata majibu ya maneno yake, na yale ya wananchi yatabaki nje.

Mwaka 1987 watafiti wa mradi wa utafiti wa UKIMWI Kagera, ushirikiano wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu waliochaguliwa kwa sampuli kutoka mkoa mzima. Matokeo yalishtua. Kati ya watu wazima wa Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10. Karagwe ilikuwa asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4 tu.

Namba hizo zilikuwa na nguvu kwa sababu kipimo cha maabara kina makosa yanayojulikana na yanayoweza kuhesabika. Lakini damu haikusema kila kitu. Haikusema nani bado anaweza kupalilia kibanja chake, nani analala bila usingizi akiwaza wajukuu, wala nani ameacha kwenda misibani kwa sababu miguu haimbebi. Kwa hayo ilibidi watu waulizwe. Na hapo ndipo shida ya upimaji ilipoanza kwa kweli.

Swali lililopita kaya 29,000

Mwaka 1991 ulianza utafiti ambao wanauchumi wa dunia nzima wanaufahamu kwa kifupi chake, KHDS, yaani Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera. Uliendeshwa na Benki ya Dunia pamoja na Muhimbili. Lengo lilikuwa kujua kaya inapata hasara gani inapofiwa na mtu mzima mwenye nguvu, na inajikongojaje baada ya hapo.

Watafiti walikuwa na tatizo. Hata kwenye mkoa uliopigwa hivyo na UKIMWI, ukichagua kaya kwa bahati nasibu tu utapata chache mno zenye msiba. Kwa hiyo walianza kwa kuorodhesha kaya zaidi ya 29,000 na kuziuliza mambo machache. Je, kuna mtu mzima wa miaka 15 hadi 50 aliyefariki kwa ugonjwa katika miezi 12 iliyopita? Je, kuna mtu mzima wa umri huo ambaye sasa hivi ni mgonjwa kiasi cha kutoweza kufanya kazi? Kaya zilizojibu ndiyo zilipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Mwishowe kaya 915 kutoka jumuiya 51 zilifuatwa, zikitembelewa hadi mara nne kati ya 1991 na 1994.

Katika kaya zile 29,000, asilimia 3.7 zilisema zimefiwa na mtu mzima namna hiyo. Asilimia 3.9 zilisema zina mtu mzima mgonjwa asiyeweza kazi.

Simama kidogo hapo. Namba hizi mbili zinakaribiana, lakini hazina uzito sawa. Kifo ni tukio. Kina siku, kina kaburi, kina matanga. Watu wanaweza kukosea mwezi, wanaweza kuficha sababu, lakini hawatabishana kama mtu amekufa. "Kutoweza kufanya kazi" ni jambo la namna nyingine kabisa. Kazi gani? Kupalilia migomba? Kuchuma kahawa? Kwenda ziwani usiku kuvua? Kuuza dagaa sokoni ukiwa umekaa?

Chukua mfano wa kubuni. Mama wawili wana udhaifu uleule wa mwili. Wa kwanza ana binti wakubwa wawili nyumbani, hivyo ameacha jembe na anapumzika. Wa pili yuko peke yake na watoto wadogo. Anatetemeka, lakini jembe analishika, maana asiposhika hakuna chakula. Ukiuliza nani hawezi kazi, wa kwanza ndiye atakayehesabiwa. Wa pili, ambaye pengine anateseka zaidi, ataandikwa kama mzima.

Kwa kazi ya kuchagua sampuli, swali hilo lilitosha. Lilitakiwa kuongeza uwezekano wa kupata kaya zenye shida, na halikutakiwa kumpima mtu mmoja mmoja. Lakini mtu akilichukua swali hilohilo kesho akaamua nalo nani apewe msaada, atamwacha nje yule mama wa pili. Maneno yatakuwa yaleyale, na ubora wake kama kipimo utakuwa umeporomoka kwa sababu kazi imebadilika.

Kwa nini mwenye nacho huumwa zaidi kwenye karatasi

Jambo hili si la Kagera peke yake. Mwaka 2002 mwanauchumi Amartya Sen aliandika kuhusu majimbo mawili ya India. Kerala ilikuwa na watu wanaoishi miaka mingi kuliko majimbo mengine, na huduma nzuri za afya. Bihar ilikuwa nyuma sana. Lakini watu walipoulizwa kama wanaumwa, Kerala waliripoti magonjwa mengi kuliko Bihar. Na Marekani, wanakoishi miaka mingi zaidi ya Kerala, waliripoti mengi zaidi tena.

Maelezo yake si magumu. Aliyesoma na mwenye kituo cha afya karibu anajua kuwa maumivu fulani yana jina na yana dawa. Asiyekuwa na hayo huyahesabu kama sehemu ya maisha. Ukitumia majibu hayo kugawa fedha bila kufikiri, utampelekea dawa yule ambaye tayari anazo.

Hata urefu wa muda unaoulizwa una athari. Katika utafiti mmoja uliofanyika Delhi, watafiti waliwauliza watu magonjwa yao kwa wiki moja, na wengine kwa mwezi mzima. Walioulizwa mwezi mzima walisahau sana, na maskini ndio walioonekana kusahau zaidi. Si kwamba maskini wana kumbukumbu mbovu. Ugonjwa unapokuwa wa kila siku, hauachi alama kwenye kumbukumbu. Tafiti nyingi za kaya, zikiwemo za kwetu, huuliza kuhusu wiki 4 zilizopita. Basi ukiona jedwali linaloonyesha matajiri wa mkoa fulani wanaumwa kuliko maskini, usikimbilie hitimisho. Uliza kwanza swali lilivyoulizwa.

Watafiti wa KHDS walilijua hilo, ndiyo maana hawakutegemea maneno peke yake. Walibeba mizani na kipimo cha urefu. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipochambua maisha ya watoto waliofiwa, walitumia urefu wa mwili na miaka ya shule. Walikuta kwamba mtoto aliyempoteza mama anakuwa mfupi kwa takriban sentimita 2 atakapokuwa mtu mzima, na anapungukiwa karibu mwaka mmoja wa shule. Wengine waliochunguza wazee wa Kagera walitumia uzito ukilinganishwa na urefu.

Lakini futi nayo ina mipaka yake. Sentimita 2 haziwezi kukuambia mtoto huyo alilala vipi usiku.

Dodoso lililokuja na gofu

Wakati KHDS inaanza Bukoba, huko Marekani kulikuwa na dodoso jipya lililokuwa linasambaa duniani. Linaitwa SF-36. Lina maswali 36 na hutoa alama kutoka 0 hadi 100 katika maeneo manane: uwezo wa mwili, maumivu, nguvu, mahusiano na watu, hali ya akili na mengineyo. John Ware na Cathy Sherbourne walilitambulisha mwaka 1992, na tayari mwaka 1991 ulikuwa umeanza mpango wa kimataifa wa kulitafsiri.

Sasa soma maswali yake ya asili kwa macho ya mtu wa Nshamba. Swali la kazi za wastani linatoa mifano ya kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, kucheza bouling au gofu. Jingine linauliza kupanda ngazi za ghorofa kadhaa. Jingine linauliza kutembea zaidi ya maili moja. Kuna swali la huzuni ambalo kwa Kiingereza linataja rangi ya bluu, na ukilitafsiri neno kwa neno, bibi atakuuliza bluu imemfanya nini. Hata wenyewe walipotoa toleo la pili walibadilisha baadhi ya maneno hayo, kwa sababu yalisumbua hata kwao.

Kiswahili kilipata toleo lake. Mwaka 1999 timu ya watafiti wa Tanzania, Uswisi na Marekani ilichapisha makala mbili za kisayansi kuhusu SF-36 ya Kiswahili. Ya kwanza ilieleza tafsiri na jinsi maswali yanavyoshikamana ndani ya kila eneo. Ya pili ilieleza majaribio ya uhalali wake kwa maelfu ya watu wazima wa Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya heshima. Walitafsiri, wakarudisha kwa Kiingereza kuona kama maana imebaki, wakajaribu mtaani, wakapima.

Lakini sikia mahali palipotajwa: Dar es Salaam. Jiji lenye ghorofa, lenye daladala, ambako Kiswahili ni lugha ya kila saa. Je, ukipanda gari hadi Muleba vijijini unaweza kulitoa dodoso hilohilo mfukoni na kusema "hili tayari limethibitishwa kwa Kiswahili"?

Watu wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo kosa linapoingia. Bibi wa miaka 75 huko Muleba anaongea Kihaya nyumbani. Mdodosaji, kijana mwenye nia njema, anasoma swali kwa Kiswahili, anaona bibi hajaelewa, analigeuza Kihaya papo hapo. Nyumba inayofuata analigeuza kwa maneno mengine kidogo. Mwenzake kijiji cha pili anageuza kwa namna yake. Kwenye karatasi dodoso ni moja. Kwa kweli kuna madodoso mengi kama wadodosaji walivyo, na hakuna hata moja kati ya hayo lililopimwa.

Halafu kuna swali la shughuli zenyewe. Ngazi za ghorofa hazipo, lakini kilima kipo, na maji yako bondeni. Kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bondeni hadi nyumbani ni kipimo cha nguvu kuliko gofu. Kutembelea marafiki kupo kwenye SF-36, lakini ukitaka kujua kama mtu wa huko bado yumo ndani ya jamii, uliza kama anaweza kwenda msibani na kukaa na wenzake.

Walioanza upande wa pili

Ukivuka mpaka wa Mutukula kutoka Missenyi, unaingia eneo ambalo mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa wilaya ya Rakai, Uganda. Janga lilikuwa lilelile, na ziwa ni lilelile. Huko Paul Bolton na wenzake, wakifanya kazi Rakai na Masaka, waligeuza utaratibu. Hawakuanza na dodoso, walianza kwa kusikiliza.

Waliwauliza wanakijiji: ugonjwa huu umewaletea watu matatizo gani? Watu wakaeleza kwa Kiganda hali mbili wanazozijua wao wenyewe. Moja ni *yo'kwekyawa*, mtu kujichukia. Nyingine ni *okwekubazida*, mtu kujihurumia mno. Dalili walizotaja zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari huita sonona, ingawa si kwa kila kitu. Ndipo watafiti wakachukua dodoso lililokuwepo, wakalirekebisha lifuate maneno ya watu. Kisha wakakagua: je, wale ambao majirani wanasema wana hali hizo ndio wanaopata alama za juu?

Kwa upande wa shughuli walifanya jambo la busara zaidi. Waliwauliza wanaume ni kazi gani mwanaume anapaswa kuzifanya ili ajitunze, atunze familia na ashiriki jamii. Wanawake nao wakaulizwa kwa upande wao. Orodha zikawa mbili tofauti, na kila mtu akapimwa kwa orodha inayomhusu.

Je, kipimo hicho kilifanya kazi? Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya jaribio katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Nusu ya vijiji vilipata tiba ya mazungumzo ya vikundi. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliopata tiba na asilimia 94 ya wasiopata walikuwa na sonona kali kwa kipimo hicho. Baadaye zikawa asilimia 6.5 kwa asilimia 54.7. Sehemu kubwa ya sifa inaenda kwa tiba. Lakini kumbuka: kama dodoso lingekuwa limejaa maneno yasiyoeleweka, tiba ingefanya kazi na namba zisingeonyesha. Pengine programu ingefungwa.

Dar es Salaam nako, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso fupi la maswali 19 la kutambua sonona, lililotengenezwa Tanzania kwa ajili ya Watanzania. Kwa hiyo njia hii si ndoto, imeshafanyika kwetu.

Vitu vinne vya kukagua

Kuna kundi la watafiti, makao yake Amsterdam, linaloitwa COSMIN. Tangu 2010 limekuwa likitoa miongozo ya kukagua ubora wa madodoso ya afya, na mwaka 2018 liliiboresha. Miongozo hiyo ni mirefu, lakini kiini chake unaweza kukibeba kichwani.

*Maudhui.* Je, maswali yanahusu mambo yenye maana kwa wanaoulizwa, hakuna kilichosahaulika, na yanaeleweka? COSMIN huhesabu hili kuwa sifa muhimu kuliko zote, na haipimwi kwa kompyuta. Unakaa na mtu, unamwambia: "Niambie kwa maneno yako, swali hili linauliza nini?" Ukifanya hivyo na watu kumi wa Muleba utajifunza mengi kuliko kwenye jedwali la kurasa tano.

*Uthabiti.* Mtu ambaye hali yake haijabadilika, ukimuuliza leo na baada ya wiki mbili, atajibu karibu sawa? Na maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja? Kwa hili la pili utaona herufi ya Kigiriki, alfa, iliyotokana na makala ya Lee Cronbach ya 1951. Wengi huridhika ikifika 0.70. Lakini angalia mtego wake. Kama kuna watu wanaojibu "ndiyo" kwa kila swali kwa heshima ya mgeni, na wengine "hapana" kwa kila swali ili aondoke haraka, alfa itapanda vizuri tu. Hapo utakuwa umepima adabu na uchovu kwa uthabiti mkubwa.

*Uhalali.* Je, alama zinatofautisha watu tunaojua wanatofautiana? Mgonjwa aliyelazwa na jirani yake mzima wanapaswa kupata alama tofauti. Na je, swali lina maana moja kwa Mhaya wa kijijini na kwa mkazi wa Kariakoo? Kama sivyo, kulinganisha wastani wa Bukoba na wa Dar es Salaam ni kulinganisha kilo na lita.

*Kuona mabadiliko.* Hali ikibadilika kweli, namba inasogea? Sifa hii ilipata uzito mkubwa kuanzia 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa kitaifa. Hapo swali halikuwa tena "ataishi?" peke yake. Likawa pia "ataishi vipi?" Dodoso ambalo karibu kila mtu anapata alama ya juu tangu siku ya kwanza haliwezi kukujibu, kwa sababu halina pa kupandia.

COSMIN ina kanuni moja kali: katika kukagua utafiti uliofanywa kuhusu sifa fulani ya dodoso, kinachohesabika ni alama ya chini kuliko zote. Sampuli kubwa haifuti uchambuzi mbovu. Wengine huiona kanuni hiyo ni katili. Sisi tunaiona ni kama jahazi: ubao mmoja uliooza unatosha.

Chumvi, sabuni, viatu

Turudi Muleba, kwenye mji mdogo wa Nshamba. Mwaka 2003 ulianza huko mradi uitwao Kwa Wazee, unaowapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi waliobaki wakilea wajukuu baada ya watoto wao kufariki. Mwaka 2008 ilichapishwa tathmini iliyowalinganisha waliopata pensheni na ambao hawajapata. Kichwa chake, kwa Kiswahili, ni kama hivi: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Kichwa hicho kimebeba somo zima la maudhui. Dodoso la kawaida la ubora wa maisha halina sabuni. Halina chumvi. Viatu vya mjukuu hata havihusu mwili wa bibi mwenyewe. Lakini mtu anayekosa sabuni hawezi kukaa na wenzake bila aibu. Chakula kisicho na chumvi ni tangazo la umaskini kwa kila anayekionja. Na bibi ambaye mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu, usimuulize kama analala vizuri.

Ungempima bibi huyo kwa swali la ngazi za ghorofa kabla na baada ya pensheni, namba ingekaa palepale. Ungesema pensheni haikusaidia ubora wa maisha. Ungekuwa na jedwali safi, alfa nzuri, na hitimisho la uongo.

Hatusemi kila kijiji kiwe na dodoso lake. Hapo hatutaweza kulinganisha chochote, na Wizara haitajua ianzie wapi. Madodoso ya kimataifa yana faida ya kweli: yamechunguzwa na wengi, na yanaruhusu Bukoba izungumze na Kisumu au Geneva kwa kipimo kimoja. Tunachosema ni kwamba tafsiri si mwisho wa kazi. Lipeleke dodoso kijijini kabla ya utafiti. Kubaliana maneno ya Kihaya mapema, yaandikwe, wadodosaji wote wasome yaleyale. Ongeza maswali machache ya wenyeji pembeni ya yale ya kimataifa, kisha uone kama yanakwenda pamoja. Na ripoti ikitoka, andika wazi dodoso lilikaguliwa wapi na kwa nani.

Wewe msomaji, hata kama hutafanya utafiti maishani mwako, utasoma namba hizi. Utasikia redioni kwamba ubora wa maisha ya wagonjwa fulani umepanda au umeshuka kwa alama kadhaa. Usiishie kuuliza waliulizwa watu wangapi. Uliza pia: waliulizwa kwa lugha gani? Nani aliamua mambo ya kuulizwa? Na dodoso hilo liliwahi kukaguliwa kwa watu kama hawa, au lilikuja na tiketi ya kutoka mji mwingine?

KHDS ilirudi Kagera mwaka 2004 na tena 2010, ikiongozwa na taasisi iliyokuwa na makao hapohapo Bukoba. Baada ya zaidi ya miaka 10 waliwapata watu kutoka zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo, wengine wakiwa wamehamia mbali kabisa. Watu hao walifungua mlango tena na tena, wakakaa chini saa nzima na zaidi, wakaeleza vifo, njaa na maumivu yao kwa wageni. Wao wametimiza upande wao. Upande uliobaki ni wetu tunaoandika maswali, na mahali pa kuanzia ni kuiachia nafasi ile "ila".